Mawimbi Katika Shingo ya Gitaa

Watu wengi wanapolitazama gitaa hulitazama tumbo lake. Huko ndiko kuliko na tundu la sauti, rangi na marembo, na huko ndiko macho yanakoishia. Shingo huonekana kama mpini tu, kitu cha kushikia. Lakini mwulize mpigaji ni sehemu gani ya gitaa anayoijua hata gizani, naye hatasita kukujibu. Kiganja chake cha kushoto kimekaa nyuma ya shingo hiyo kwa miaka, kikipanda na kushuka mara zisizo na hesabu, na shingo ikizidi unene kwa kiasi cha ukucha tu kuliko ile aliyoizoea, kidole gumba kitamwarifu kabla sikio halijasikia noti ya kwanza.

Nimeifikiria shingo hii kwa muda mrefu, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, historia ya ala za nyuzi imeandikwa kwa majina ya waliotengeneza miili ya ala hizo, na waliochonga shingo hawatajwi. Pili ni mbao yenyewe. Tangu zamani mafundi wa Ulaya, na baadaye wa Marekani, walipenda kuchonga shingo kwa mbao ambayo seremala wa kawaida akiiona huiweka kando na kutafuta nyingine. Nayo ni mbao yenye mawimbi.

Mti wa kawaida hukua na nyuzinyuzi zilizonyooka kutoka shinani kwenda juu. Lakini miti michache ya mepo, ule mti wa nchi za baridi ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, hukua na nyuzinyuzi zilizojikunja kama maji ya ziwa wakati wa upepo mwepesi. Ukiupasua mti wa namna hiyo kwa shoka, uso wa mpasuko hautoki laini. Hutoka na migongo na mabonde kama bati la paa. Ukiupasua kwa msumeno kuelekea kiini cha gogo, kisha ukausugua mpaka ung'ae, utaona mistari ya kiza na nuru ikipishana kwa upana wa mbao. Igeuze kidogo mkononi, na mistari hubadilishana zamu: palipokuwa na kiza pana nuru, na palipokuwa na nuru pana kiza. Hapo hakuna rangi iliyotiwa. Ni mwanga tu unaorudishwa kwa namna mbili, kwa kuwa mahali pamoja jicho linaona ubavu wa nyuzinyuzi, na hatua moja mbele linaona ncha zake zilizokatwa.

Sasa msomaji aone taabu ya fundi. Kinachofanya jicho lifurahi ndicho kinachoitesa randa. Randa hupenda kwenda na nyuzinyuzi, kama mtu anayemsugua paka kuelekea mkiani. Katika mbao yenye mawimbi hakuna upande wa mkiani. Kila baada ya nusu sentimeta nyuzinyuzi huinuka kuukabili ukali wa chuma, nacho chuma, badala ya kuzikata, huzinyanyua na kuzing'oa. Fundi akitazama huona vishimo vidogo vidogo, kama ngozi iliyopona ndui. Na shingo ya gitaa si meza, kwamba ukiona vishimo utaongeza kupiga randa mpaka viishe. Shingo ina kipimo. Ukiondoa milimita moja ya ziada, hakuna gundi itakayoirudisha.

Huku kwetu hatuna mepo, ila tabia hiyo tunaijua. Aliyewahi kupiga randa mvule au mkangazi anafahamu jinsi nyuzinyuzi zake zinavyopishana, tabaka moja likiegemea kulia na linalofuata likiegemea kushoto, hata utepe mmoja wa mbao ukatoka laini na wa pembeni yake ukachanika. Katika mji nilikokulia, mkoani Tanga, alikuwako mzee mmoja seremala aliyekuwa akitengeneza vitanda na milango. Tulikuwa tukipita kwake tukitoka shule, tunamwamkia shikamoo, tunakaa juu ya maranda kutazama. Alipofika mahali ambapo mvule unamkatalia, aliiweka randa chini, akachukua kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika, akakikunja kitambaa upande mmoja ili kisimkate, akaanza kukwangua. Yalitoka maranda membamba kama karatasi ya sigara. Siku moja nilimwuliza kwa nini asiendelee na randa, kwani ni ya haraka zaidi. Akanijibu, “Mwanangu, randa inaagiza. Kioo kinaomba.”

Miaka mingi baadaye niliposoma juu ya karakana za Ulaya nilikikuta kioo kile, safari hii kikiwa kibati cha chuma, chembamba, cha mstatili, kisicho na mpini wala mfuniko. Ukingo wake husuguliwa kwa chuma kigumu zaidi mpaka ujikunje na kufanya ndoano ndogo isiyoonekana kwa macho, na ndoano hiyo ndiyo hukwangua. Kwa kuwa inasimama karibu wima juu ya mbao, haipati nafasi ya kuingia chini ya nyuzinyuzi na kuzinyanyua. Hakuna zana iliyo duni kwa sura kuliko hiyo, na bila hiyo fidla za Cremona zisingekuwa kama zilivyo.

Nimeitaja Cremona. Huo ni mji wa Italia ya kaskazini ambako Andrea Amati, aliyefariki mwaka 1577, na warithi wake walitengeneza fidla, na ambako Antonio Stradivari alifanya kazi mpaka alipofariki mwaka 1737. Uso wa fidla zao ulikuwa wa sprusi, mti laini wa milimani. Mgongo, mbavu na shingo vilikuwa vya mepo, na mepo ya mawimbi iliyosifiwa zaidi ilitoka ng'ambo ya bahari ya Adria, katika milima ya Balkani. Stradivari alitengeneza magitaa pia, jambo ambalo wapenzi wengi wa fidla hawalijui. Machache yamesalia: moja la mwaka 1679 linaloitwa Sabionari, jingine la mwaka 1688 liko katika jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford, na jingine la mwaka 1700 liko Vermillion, jimbo la South Dakota.

Lakini la ajabu ni hili. Karibu fidla zote za Stradivari zinazopigwa leo hazina shingo aliyoichonga yeye. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 kumbi za muziki zilikuwa kubwa zaidi, wapigaji walitaka sauti yenye nguvu na walitaka kupanda juu zaidi kwenye nyuzi. Shingo za zamani zilikuwa fupi, nene, na zilifungwa kwa misumari kutokea ndani ya mwili. Basi mafundi wa Paris, London na kwingineko wakazitoa. Kile kichwa cha fidla kilichosokotwa kama gamba la konokono hawakukitupa, kwa sababu kilikuwa na mkono wa bwana mkubwa. Walikikata, wakakiunganisha na shingo mpya ya mepo kwa kiungo chembamba ambacho jicho lisilozoea halikioni, wakailinganisha mistari ya mawimbi ya kale na ya mpya, wakaichonga upya kwa kisu, tupa na kibati. Hivyo anayelipa mamilioni ya dola kwa fidla ya Stradivari anashika, kwa kiganja chake, kazi ya mtu ambaye mara nyingi hata jina lake halikuandikwa.

Gitaa lilipita njia nyingine. Nchini Hispania shingo haikutengenezwa kwa mepo bali kwa sedrela, mti mwekundu wenye harufu nzuri kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini, mwepesi, mnyoofu, unaotii kisu. (Mti huo uliletwa Tanzania na kupandwa, katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, umeenea mpaka watunza msitu wanaulalamikia kama mvamizi. Magitaa mangapi yamesimama pale!) Bwana wa magitaa ya Hispania alikuwa Antonio de Torres wa Almería, aliyezaliwa mwaka 1817 na kufariki mwaka 1892. Mwaka 1862 alifanya jaribio ambalo kila mpenda mbao nzuri hana budi kulijua. Alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao, lakini mgongo na mbavu akazifanya kwa karatasi iliyogandishwa. Alitaka kuonyesha kwamba sauti hutoka katika uso. Gitaa hilo liko makumbusho ya muziki ya Barcelona.

Nadhani Torres alisema kweli, na ukweli huo unauma. Ikiwa mgongo wa karatasi unaweza kuimba, basi mawimbi ya mepo tuliyoyahangaikia si ya sikio. Ni ya jicho. Katika shingo ni zaidi ya hapo: mawimbi ni udhaifu, kwa maana nyuzinyuzi zinazopanda na kushuka hukatwa njiani kila shingo inapochongwa kuwa nyembamba, na hazipiti mfululizo kutoka kichwani hadi kisiginoni. Nyuzi sita za chuma huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 70, usiku na mchana, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Mwenye kutafuta nguvu peke yake angechagua mbao nyoofu.

Hata hivyo Torres huyo huyo, aliyethibitisha kwamba mgongo si kitu, alitengeneza baadhi ya magitaa yake kwa mepo yenye marembo. Na padri mmoja aliyemfahamu alisimulia baadaye kwamba Torres alimweleza kuwa siri yake haiwezi kuachwa kama urithi, kwa sababu iko kati ya ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada. Fundi wa uso wa gitaa hupima unene wa mbao kwa vidole hivyo. Mchonga shingo hupima kwa kiganja kizima.

Kuchonga kwenyewe huenda hivi. Kwanza shingo hukatwa kwa msumeno ipate upana wake kwa juu na unene wake kwa ubavuni. Wakati huo ni kama gogo la mraba. Kisha fundi huchagua vituo viwili, kimoja karibu na kichwa na kingine karibu na kisigino, akavichonga viwe na mviringo kamili anaoutaka. Kati ya vituo hivyo bado kuna mbao ya mraba. Kazi yake sasa ni kuviunganisha. Haanzi kwa mviringo. Hukata pembe mbili za mraba ziwe bapa, kisha hukata pembe zilizozaliwa na bapa hizo, na kadhalika, kama mtu anayechonga mpini wa jembe. Kwa mbao nyoofu angeweza kutumia kisu cha kuvuta chenye mipini miwili, na kazi ingekwisha kwa saa moja. Kwa mbao yenye mawimbi kisu hicho ni hatari, maana hufuata nyuzinyuzi zinapozama, na kikizama nazo kinaondoka na bonge. Hapo ndipo tupa ya mbao huchukua nafasi. Tupa zile nzuri za Ufaransa hutobolewa meno moja moja kwa mkono, kwa patasi ndogo na nyundo, bila kupangwa katika mistari. Kila jino hukata peke yake, na kwa sababu hakuna mstari wa meno, hakuna kinachozinyanyua nyuzinyuzi kwa pamoja.

Baada ya tupa huja kibati, na hapa kuna mtego ambao vitabu vingi havielezi. Katika mbao ya mawimbi, mahali ncha za nyuzinyuzi zinapotazama juu ni pagumu kuliko mahali zinapolala. Ukikwangua moja kwa moja kutoka juu hadi chini, kibati kitakula palipo laini na kuruka palipo pagumu, na pole pole kile kilichokuwa wimbi la macho kitageuka kuwa wimbi la kiganja. Huwezi kukiona. Ila mpigaji atakapoteleza kidole gumba chake toka noti ya kwanza hadi ya kumi na mbili, atahisi anapita juu ya barabara ya vumbi yenye matuta. Dawa yake ni kushika kibati kwa mshazari, kubadili upande kila mara, kisha kufumba macho na kupapasa. Nimefanya hivyo jioni nyingi kwenye kibaraza changu, na jirani mmoja alidhani nimekuwa kipofu.

Juu ya shingo hubandikwa ubao wa vidole, ambao lazima uwe mgumu kustahimili msuguano wa nyuzi. Hapo nchi yetu inaingia katika habari hii kwa haki. Mpingo wetu, unaozama majini kwa uzito, hutumiwa na baadhi ya mafundi kwa kazi hiyo, ingawa umaarufu wake mkubwa ni katika klarineti na zumari za Ulaya. Kamusi nyingi hutafsiri mpingo kwa jina la mti mwingine mweusi wa Afrika ya Magharibi na Asia, wa ukoo tofauti kabisa, na mkanganyo huo umeshika mizizi. Mpingo ni wa jamii ya Dalbergia. Tarehe 2 Januari 2017 jamii hiyo nzima iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Watengenezaji wa ala walilalamika sana, na mwezi Novemba 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa katika masharti hayo. Magogo yalibaki na masharti. Kwa hiyo gitaa linavuka mpaka bila karatasi, na gogo haliwezi. Uamuzi huo haukuwa na nia mbaya, lakini sisi ndio wenye gogo.

Turudi Marekani, ambako shingo ya mepo ilipata maisha yake ya pili. Mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, Orville Gibson alipata hataza mwaka 1898 kwa mandolini aliyoichonga kama fidla, ubavu na shingo vikitoka katika kipande kimoja cha mbao. Kampuni yenye jina lake iliundwa mwaka 1902. Mwaka 1922, wakati Lloyd Loar akifanya kazi hapo, ikatoka L-5, gitaa lenye uso uliochongwa na matundu ya sauti kama ya fidla. Mwaka uliofuata mfanyakazi wa kampuni hiyo, Thaddeus McHugh, alipewa hataza ya fito la chuma linalofichwa ndani ya shingo na kukazwa kwa nati. Kabla ya fito hilo shingo ilibidi iwe nene ili isipinde. Baada yake, nguvu ilihamia kwenye chuma, na mbao ikawa huru kuwa nyembamba na nzuri. Kwa maoni yangu hakuna chuma kilichoitendea wema mbao ya mawimbi kama hicho, kwa kuwa kiliufunika udhaifu wake.

John D'Angelico alizaliwa New York mwaka 1905 katika familia yenye asili ya Italia. Akiwa na umri wa miaka tisa aliwekwa kujifunza kwa ami wa mzazi wake, fundi wa fidla na mandolini. Mwaka 1932 alifungua duka lake mtaa wa Kenmare, na mpaka alipofariki mwaka 1964 magitaa yaliyotoka hapo yalikuwa zaidi ya 1,100, kwa maagizo ya wapigaji waliofika wenyewe dukani. Shingo zake za mepo zilikuwa na mawimbi yale yale ya Cremona. Mwanagenzi wake, Jimmy D'Aquisto, aliyeingia dukani mwaka 1952, aliendeleza kazi mpaka alipofariki naye mwaka 1995. Wote wawili walifariki wakiwa na umri wa miaka 59. Wengine husema vumbi, wengine kazi nyingi. Mimi nataja umri tu.

Katika miaka hiyo hiyo viwanda vilikuwa vinakwenda upande mwingine. Gitaa la umeme la Les Paul, lililotoka mwaka 1952, lilikuwa na mepo usoni lakini likapakwa rangi ya dhahabu isiyopitisha macho. Mwaka 1958 Gibson waliacha dhahabu, wakapaka rangi angavu, na ghafla mawimbi yakaonekana. Wanunuzi hawakujali, na mwaka 1960 wakaacha kuyatengeneza. Leo magitaa hayo ya miaka mitatu huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na yenye mawimbi mapana ndiyo ghali zaidi.

Upande wa California, Leo Fender aliona kwamba shingo si lazima igundishwe. Mwaka 1950 alianza kuuza gitaa ambalo shingo yake, ya mepo, imefungwa mwilini kwa skurubu nne, ili ikiharibika ing'olewe na kuwekwa nyingine, kama tairi. Mepo hiyo ilichaguliwa kwa unyofu na bei nafuu, si kwa marembo, ingawa mara moja moja kipande chenye mawimbi kilipenya. Wengi husema kwamba hapo ndipo mkono ulipokwisha. Sikubaliani nao. Mashine zilikata umbo la kwanza tu. Mviringo wa nyuma ulimaliziwa na watu waliosimama mbele ya msasa unaozunguka, wakiigeuza shingo kwa mikono yao na kuikadiria kwa jicho na kiganja. Ndiyo maana shingo mbili za mwaka mmoja kutoka kiwanda hicho hazilingani, na wapigaji hutafuta ile inayowakaa.

Mmoja wa watu hao aliitwa Tadeo Gomez. Alipomaliza shingo aliandika kwa penseli herufi mbili, TG, pamoja na tarehe, kwenye uso wa kisigino, mahali ambapo shingo hukutana na mwili. Gitaa likiwa limefungwa, hakuna anayeweza kuziona herufi hizo. Mtu huzisoma pale tu anapofungua skurubu nne.